Mfungo wa Kuazima

Gerishom alikuja kuniazima mfungo kama mtu anavyokuja kuazima kinu. Alisimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, akaniamkia vizuri, akauliza hali ya mzee, akauliza hali ya kuku, kisha akasema, "Mama, mwezi ukiandama, naomba hii kijana yangu ifunge pamoja na nyinyi."

Mimi nilikuwa nakuna nazi. Nikamwuliza, "Kijana gani huyo, na afunge kwa nini? Kasilimu?"

"Hapana, Mama. Iko na kilo moja zaidi."

Huyu Gerishom alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha uani. Mtu wa bara, wa upande wa Kakamega, muumini wa Jeshi la Wokovu, na Jumapili akipiga ile ngoma yao mchuzi wangu hutikisika sufuriani. Kazi yake ilikuwa kwenye kinu cha pamba hapa Malindi, kupima magunia. Jioni alikuwa mwalimu wa mieleka. Alifundisha vijana miaka na miaka kule Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa hapa Malindi, juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya pamba, na hajapata kutoa bingwa hata mmoja. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia vijana wa pwani mifupa yao ni laini. Ukimwuliza, na wale wa bara je, atakwambia wameharibikiwa kwa kukaa pwani.

Mwaka ule wa themanini na tano alikuwa na Laban, na kwa Laban hata mimi nisiyejua mieleka nilikubali. Kijana wa miaka kumi na tisa, shingo nene, sauti ndogo, heshima tele. Alikuwa akichonga mawe ya kujengea kwenye timbo nyuma ya mji, shimo kubwa ambalo ukisimama ukingoni watu wa chini unawaona wadogo. Baba yake naye alichonga mawe pale pale, mpaka siku ukuta wa timbo ulipomwangukia. Mama yake, Jedida, alifua mashuka kwenye hoteli ya Waitaliano, na alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, mwanawe atoke timboni kabla timbo halijamla.

Na njia ilikuwa imepatikana. Kiwanda kimoja cha Mombasa kilikuwa na timu ya mieleka, kikatangaza kwamba kitaajiri bingwa wa kila uzani kwenye mashindano ya kufunga msimu kule Kilifi. Kazi ya kudumu, buti, ovaroli, chumba cha kampuni. Katika uzani wa kilo sitini na mbili hapakuwa na kijana pwani nzima wa kumzuia Laban, hilo kila mtu alilisema. Lakini Gerishom alikuwa amempandisha kwenye mizani ya pamba, na mizani ikasema sitini na tatu.

"Kilo moja tu, Mama," alisema. "Na nyinyi Waislamu mnashinda njaa mwezi mzima. Kilo moja itatoka yenyewe."

Mwenzangu, mimi nilijitazama. Mimi si mwembamba. Mume wangu Abdurahman si mwembamba. Kila Ramadhani ikifika katikati, fundi wa nguo wa mtaani kwetu hana nafasi, kazi yake ni kupanua kanzu za Idi. Gerishom alikuwa ametuona mfungo baada ya mfungo, uani kwangu, kwa macho yake mawili, na hakuona kitu. Ningeweza kumwambia. Lakini yeye hakuniuliza kama mfungo unakondesha. Aliniomba mfungo, nikampa.

Sharti langu lilikuwa moja. "Anayefunga kwangu anafungua kwangu," nikamwambia. "Sikubali mtoto wa watu ashinde na njaa kwa jina langu, halafu akafungue na ugali wa jana."

"Ale tu, Mama. Tumbo ikishinda bila kitu inasinyaa. Itaingia nini?"

"Haya," nikasema. "Tutaona itaingia nini."

Siku ya kwanza Laban alikuja moja kwa moja kutoka timboni, mweupe kwa vumbi kama andazi ambalo halijaingia mafutani. Nikampeleka akaoge. Alipotoka akakaa kwenye mkeka karibu na Abdurahman, mikono juu ya magoti, akiitazama tende iliyokuwa mbele yake. Adhani ya magharibi ikaadhiniwa. Nikamwambia, "Laban, fungua."

Akainuka, akaenda kufungua mlango.

Abdurahman alicheka mpaka tende ikampalia, ikabidi nimpige mgongoni. Maskini Laban kasimama pale mlangoni, mlango wazi, anatazama barabarani amwone mgeni aliyebisha. Nikamweleza kwamba kufungua ni kula, kwamba mwenye saumu akisikia adhani haruhusiwi kujichelewesha, alichokishika akiweke chini, afungue. Akasema, "Nimeelewa, Mama." Basi tangu siku hiyo ukawa ndio mchezo wetu. Adhani ikitoka tu, nasema, "Laban, fungua!" naye ananyoosha mikono yote miwili kama mtoto mdogo, nampa tende, mzee anacheka upya.

Na futari, ilikuwa futari ya kawaida. Uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi, mahamri, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka akipatikana, kaimati, tambi, siku nyingine mkate wa sinia. Laban alikuwa mtu wa kusema "nimeshiba" mapema, walivyolelewa wao huko. Kwangu "nimeshiba" ya kwanza ni salamu. Ya pili ni adabu. Ya tatu ndiyo tunaanza kuisikiliza, na hapo Abdurahman, ambaye kwa siku nzima huenda hajasema kitu, alikuwa anasema, "Mwongeze." Kijana hakutaka kutuvunjia heshima. Alikuwa anakula.

Jedida alikuja wiki ya kwanza, na sare yake ya hotelini, akakataa kuketi. "Bi Radhia," akaniambia, "sitaki mtoto wangu abadilishwe dini."

"Mama Laban, mimi nambadilishia sahani tu."

Hakucheka. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amelala barazani, midomo imekauka, akingoja magharibi. "Basi sawa," akasema. "Kama ni njaa itakayomtoa kwenye lile shimo, ashinde na njaa." Akaenda zake kwa miguu mpaka Kisumu Ndogo.

Utauliza, na Gerishom hakumpima? Alitaka. Lakini bwana mmoja wa vipimo alikuja kinuni, akasema mizani ile inawapunja wakulima, akaipiga lakiri na kuifunga mpaka irekebishwe. Mizani nayo ikafunga. Gerishom akawa anampima Laban kwa macho. Kila siku baada ya alasiri alikuja kumtazama pale barazani, anashika shavu, anabonyeza mbavu, anasema, "Inakauka vizuri." Kisha anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, anawasha redio na kula chakula chake, na futari yangu haioni. Mara moja nilimwambia, "Gerishom, huyu kijana anakula." Akaniambia nisiwe na wasiwasi, chakula cha usiku hakina uzito.

Mimi niliona. Ilipofika wiki ya tatu kifungo cha shati cha juu hakifiki tundu lake. Lakini niliona na mengine. Lile pipa langu la maji, ambalo wapagazi wawili hulikokota na kunitukana, Laban alilibeba peke yake kutoka mlangoni mpaka jikoni, akaniuliza, "Niliweke wapi, Mama?" Wanangu wote wawili wako Maskati, wananiletea vitambaa. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza niliweke wapi. Nilimpenda kijana yule, nasema wazi, na kila nilipomwombea kazi ya Mombasa moyo uliniuma, na bado niliomba.

Mashindano yaliangukia Jumamosi, mwanzo wa kumi la mwisho la Ramadhani. Nilisikia Gerishom amepanga kumfungulisha Laban kwa maji na glukosi. Maji na glukosi! Mtoto aliyefunga tangu alfajiri! Nikafunga kikapu: chupa ya uji, tende, mbaazi, mahamri, kaimati. Nikavaa buibui, nikapanda basi la Kilifi pamoja nao. Jedida alikaa karibu nami, mkoba wa Biblia mapajani. Laban alikaa mbele na mwalimu wake, na kutoka nyuma niliiona shingo yake jinsi ilivyojaa kola. Nikatazama nje.

Walipimiwa kwenye mizani ya ghala la korosho. Karani mwenye kaptula akasogeza vyuma, akasogeza tena, akasema, "Sitini na tano."

"Hiyo mizani ni ya korosho," akasema Gerishom. "Haijui watu."

Karani akamwambia apande yeye. Gerishom alijua kilo zake, kazi yake ni hiyo. Akapanda, mizani ikazitaja vilevile. Alishuka polepole, akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mama, ulimlisha hii kijana nini?"

"Futari."

"Futari gani?"

"Ya kawaida."

Karani akawapa mpaka saa sita warudi. Gerishom akamvalisha Laban sweta tatu na koti la mvua, akamkimbiza njia ya Matsangoni, na jua la Kilifi linajua kazi yake. Walivyorudi akampeleka kwa kinyozi, kichwa kikanyolewa chote. Nywele hazikuwa na uzito wowote. Akamwambia ateme mate. Laban akajaribu kwa heshima zote, akasema, "Mwalimu, hayako." Mizani ikasema sitini na nne na nusu. Hiyo nusu ilikwenda njia ya Matsangoni haikurudi, lakini zile kilo nyingine hazikuwa na mpango wa kwenda popote.

Basi akaandikwa kwenye uzani wa juu, wa sitini na nane. Na kwenye uzani huo bingwa alikuwa Harith wa Mnarani, mtu mzima mwenye kazi yake ya kukaza minyororo ya feri, mabega kama kabati, ambaye watu walikuwa wamezoea kumpa kikombe bila kumngoja mwingine. Jedida akaniuliza, "Bado kuna nafasi?" Nikamwambia kiwanda kimesema bingwa wa kila uzani, hakikusema upi. Akafungua Biblia yake akaanza kusoma kimyakimya.

Gerishom alimletea Laban chupa ya glukosi. "Sasa kunywa! Kilo zimeshatushinda. Kunywa upate nguvu."

"Nimefunga, Mwalimu."

"Umefunga nini? Wewe ni mtoto wa Jeshi la Wokovu!"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini nimeshafika hapa, na magharibi si mbali."

Gerishom akakaa chini kwenye gunia la korosho. Akainywa glukosi mwenyewe.

Mvua ikanyesha, mashindano yakasimama, magodoro yakabebwa ndani, yakarudishwa nje, yakaanikwa. Vijana wakaanza kupigana tena jua likiwa limeshaelekea magharibi. Laban alimpata wa kwanza, kijana wa Takaungu, akambeba kama nilivyomwona anabeba pipa langu, akamlaza. Akamlaza na wa pili. Huyo alikuwa amemzidi kimo, lakini Laban akamwinua akampiga mwereka, godoro likatoa maji. Hapo watu wa Malindi wakaanza kupiga vigelegele. Mimi nilimgeukia Gerishom, nikamwuliza, "Zile kilo mbili umeziona zinavyofanya kazi?" Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sijapata kuliona tangu ahamie kwangu.

Fainali ikaingia saa kumi na mbili za jioni. Harith naye amefunga, midomo myeupe, macho yameingia ndani. Bwana wa kile kiwanda cha Mombasa alikuwa amesogeza kiti chake mpaka ukingoni mwa godoro. Walishikana. Sijui niseme vipi, mimi mambo yale siyajui, ila niliona Harith anasukuma na Laban hasogei, Harith anavuta na Laban hasogei. Kisha Laban akapita chini yake, akamkumbatia kiunoni, wote wawili wakaenda chini kwa kishindo, na Laban akawa juu. Alikuwa amemfunga mikono yote miwili. Bega moja la Harith lilikuwa limeshagusa godoro. La pili lilibakisha upana wa kidole. Refa akalala kifudifudi alitazame.

Jedida alinishika buibui. "Bado kidogo, Yesu," alikuwa anasema, "bado kidogo, bado kidogo." Gerishom alikuwa amepiga magoti. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Laban, lakini sikio langu moja lilikuwa msikitini, maana nilikuwa nina mtu aliyefunga na mtu huyo ni wangu. Tende ilikuwa mkononi. Adhani ikatoka.

Nikasema, "Laban, fungua!"

Neno nililosema ni hilo tu, na ni neno la kheri, nimelisema kila jioni ya Ramadhani maisha yangu yote. Wako wanaosema nilipiga kelele. Pale palikuwa na watu mia wanapiga kelele, za kwao hazina hesabu. Laban alisikia sauti moja kati ya zote. Akafungua. Alimwachia Harith mikono yote miwili, akainuka akakaa juu ya magoti yake, akanyoosha viganja kwangu apewe tende.

Nafikiri Harith mwenyewe alidhani kijana kateleza. Aligeuka, akamvaa, akamlaza chali, mabega yote mawili, refa akapiga kofi kwenye godoro na filimbi ikalia. Laban alikuwa bado ananitazama.

Watu wa Mnarani wakapaza sauti. Harith alimwinua Laban, akampa mkono. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniamkia, na akaomba tende, kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kushangilia wakasahau kwamba mtu amefunga. Nikampa ile iliyokuwa mkononi. Amefunga, nitamnyima?

Bwana wa kiwanda alimwita Laban. "Kijana, ulikuwa umeshampata. Kwa nini ulimwachia?"

"Niliambiwa nifungue."

"Na nani?"

Nilikuwa nyuma yake hatua chache tu, na kikapu changu. Laban hakugeuka. Akasema, "Nilisikia vibaya, mzee." Bwana yule akatikisa kichwa, akaenda kuandika jina la Harith.

Gerishom hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, nilikuwa nina majibu. Alikunja zile sweta tatu moja moja, akaziweka ndani ya mfuko. Ndani ya basi Jedida hakukaa karibu nami. Alisimama pale kwenye kiti changu, Laban akiwa mbele hasikii, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Umemfundisha vizuri, Bi Radhia. Anakusikia wewe kuliko mimi. Basi mlishe wewe." Akaenda kukaa kiti cha mwisho.

Mimi ni mtu wa kujibu. Muulize yeyote Malindi. Siku ile nilikipakata kikapu changu mpaka tukafika.

Jumatatu Laban akarudi timboni. Alikuja kwangu kufutari siku mbili, akala tende moja na funda la maji. Nikamwambia mashindano yamekwisha, si lazima tena afunge. Akasema, "Nimeshaanza, Mama, nimalize." Mzee akasema, "Mwongeze," nami nikaongeza, na sahani ikabaki hivyo hivyo. Siku ya tatu akapita mlangoni bila kuketi. "Usiniwekee, Mama. Nyumbani wameniwekea."

Nilinuna. Kweli nilinuna. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hivyo, mama yake alisema nimlishe na sasa amemzuia asije. Basi na amlishe, tuone huo ugali wake. Jedida nikikutana naye bombani anachota maji anatazama kule, na mimi nachota natazama huku. Kumi la mwisho likaisha namna hiyo. Nilipika futari ya watu watatu kila siku kwa mazoea, nikagawia majirani.

Asubuhi ya Idi nilikuwa napakua pilau, nyumba imejaa wageni, Gerishom akaingia mbio kutoka kinuni. Lakiri ilikuwa imetolewa, mizani imerekebishwa, naye alfajiri ile alimwita Laban akampandisha. "Sitini na moja!" akasema. "Mama! Sitini na moja! Si mimi nilisema? Mfungo inapunguza! Tulikosea siku tu!" Alikuwa na furaha ya kweli, alishika mwiko wangu akautikisa. "Msimu ujao tunaanza mapema!"

Mimi nilisimama na sinia. Kijana yule niliyemwacha na shingo ile. "Sitini na moja?" nikamwuliza. "Na mama yake anampa nini?"

Gerishom akasema hayo ya kina mama yeye hayajui.

Nilichukua sahani kubwa, nikapakua pilau na nyama ya juu, nikaifunika, nikawaacha wageni wangu na Abdurahman. Nilikwenda mpaka Kisumu Ndogo na nguo zangu za Idi, kwenye tope, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Jedida alikuwa mlangoni anaanua nguo. Nikaanza hata kabla ya salamu.

"Mama Laban, mimi unichukie, ni haki yako. Lakini mtoto unamnyima chakula kwa ajili yangu?"

Akaiacha nguo. "Mimi namnyima? Si anakula kwako?"

"Kwangu? Kwangu hajaketi tangu wiki ile! Ananiambia umemwekea."

"Kila siku anaingia ndani usiku," akasema Jedida, "nikimpakulia anasema ametoka kwa Bi Radhia, ameshiba." Aliketi kwenye ngazi ya mlango. "Nikasema basi, si ni mimi niliyesema umlishe? Nikakasirika, nikaacha kupakua."

Sikumbuki ni nani aliyetangulia kulia. Nakumbuka sahani ilikuwa moto na nilikuwa nimeishika kwa mikono mitupu. Jedida alifunga kitambaa kichwani, akafunga mlango, tukaondoka.

Siku ile ilikuwa Idi, lakini Laban si Mwislamu na timbo halimpi mtu Idi asiyekuwa nayo. Tulisimama ukingoni. Chini kule alikuwa peke yake na ukuta, sururu inapanda inashuka, shati linapepea juu yake kama limetundikwa.

"Laban!" Jedida akaita. "Panda uje ule!"

Akainua uso. "Nimeshakula, Mama!"

"Kwa nani?"

Akamtazama mamake, akanitazama mimi. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, na hakuwa na nyumba ya tatu ya kutaja. Akaweka sururu chini. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini timbo hubeba sauti, "Nilikuwa nimeshamshika, Mama. Nilikuwa ninaye." Kisha akakaa juu ya jiwe alilokuwa analichonga, akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi.

Jedida hakuwa amekanyaga timbo lile tangu siku walipomtoa mumewe. Akavua viatu. Akachukua sahani kwangu, akaishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili akanipa mimi, tukaanza kushuka.